Mwandishi Mwenzenu Akiugua, Uzeni Vitabu Vyake

Juma lililopita kijana mmoja wa Musoma ameniandikia. Mwandishi mwenzao amelazwa, wamefungua kundi la WhatsApp, wamechanga mara moja, na sasa watu wanajitoa kimyakimya. Anauliza sisi waandishi wa Mwanza tuliwezaje kwa dada yetu, mwandishi mwenzetu aliyeugua. Namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Dada yetu anaandika hadithi za watoto, anaishi Buhongwa. Figo zake ziliposhindwa kazi, madaktari wa hospitali ya Bugando walimwambia asafishwe damu mara 3 kwa wiki, kila mara kama saa 4. Hapo ndipo tulipoishiwa nguvu. Kama ni upasuaji, watu huchanga ukaisha. Ugonjwa huu ulidai fedha Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, wiki nenda wiki rudi. Mwandishi wa kujitegemea hana mwajiri wa kumkatia bima, na kadi yake ya CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6, haikugusa gharama hizo.

Tulianza na michango kama kila mtu. Uweka hazina tulimpa mdogo wake wa kuzaliwa, si mmoja wetu, na kila Jumamosi jioni miamala yote iliwekwa kundini. Bado walitokea watu wakasema tunakula hela ya mgonjwa. Maneno yale yananiuma hadi leo. Wekeni hesabu wazi, ndugu zangu, hata kama hakuna aliyeuliza.

Michango ilipopungua, tukakumbuka maboksi ya vitabu yaliyokuwa sebuleni kwake. Alijichapishia mwenyewe, akaugua kabla hajavizungusha. Tukagawana. Mimi niliingia shule za msingi za Nyegezi na Mkolani. Mshairi mmoja wetu alitandika vitabu Mwaloni, pale Kirumba, katikati ya magunia ya dagaa, na akauza, maana wachuuzi nao wana watoto wanaosoma. Mtu akishakupa elfu mbili ya huruma, ukirudi anakukwepa. Lakini aliyenunua kitabu, mtoto wake akikipenda, anakutafuta yeye mwenyewe. Na dada yetu alipotajiwa shule zilizonunua, alikaa wima kitandani akauliza watoto walichagua hadithi ipi. Lile lilikuwa jasho lake, halikuwa sadaka.

Kisha zamu za kumsindikiza. Ukiwa kwenye mashine, mkono wenye sindano hautakiwi kusogezwa, kwa hiyo hakuweza kuandika. Tukawa tunakwenda na mswada wake, mmoja anasoma, yeye anasahihisha. "Futa hapo, mtoto wa darasa la pili hasemi hivyo." Siku nyingine presha ilishuka, akatapika, hatukusoma hata mstari. Alikuwa pia na kazi ya tafsiri aliyokwishapokea malipo ya awali. Tuligawana sura, akazipitia zote mwenyewe, na fedha iliyobaki ikaingia kwenye simu yake. Najivunia hilo kuliko shilingi yoyote tuliyochanga. Tulimwuguza huku akiendelea kuwa mwandishi.

Kuna wenye majina makubwa walioandika "pole sana dada" mara moja, basi. Sijawasahau. Hao hao, mtu akifa, ndio wa kwanza kushika kipaza sauti. Waandishi tumezidi kupendana makaburini. Mwandishi Aniceti Kitereza wa Ukerewe, hapo ng'ambo ya maji tu, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki. Leo tunatamba kwa jina lake. Je, huyo jirani yako anayeandika, ambaye hajulikani bado, umewahi kupanda daladala kwenda kumjulia hali?

Kijana wangu wa Musoma, msichoke. Uzeni vitabu vyake, pangeni zamu, sogezeni kazi zake mbele. Asiye na fedha ana sauti ya kusoma. Na fanyeni jambo moja mapema, kabla mgonjwa hajaishiwa nguvu: kaeni naye mpitie mikataba yake yote, nani ana kitabu gani na anadaiwa nini. Hakimiliki yake itadumu maisha yake yote na miaka 50 baada yake, lakini familia isiyojua mkataba uko wapi haitadai chochote. Sisi tulipofungua bahasha za dada yetu, tulikuta mchapishaji mmoja hajamlipa mrabaha, yaani fungu lake la mauzo ya vitabu, kwa miaka mingi. Tulimwandikia, tukamweleza hali ya mgonjwa, akajibu tusubiri mwaka wa hesabu ufungwe. Ulifungwa. Hajalipa, nasi hatujaacha kumdai.