Mtoto aliyecheka ukurasa wa kwanza atafika wa mwisho

Swali la wiki hii liliuliza: je, vitabu vya kuchekesha vinamjenga mtoto msomaji, au vinamzoesha mambo mepesi hadi avikimbie vitabu vizito? Mimi nasema vinamjenga, na shahidi wangu ni hadithi za Waviking, wale mabaharia na wavamizi wa kale wa Ulaya ya kaskazini, na majoka, hasa mfululizo wa How to Train Your Dragon wa Mwingereza Cressida Cowell. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2003, cha 12 na cha mwisho mwaka 2015. Wengi tunaijua filamu ya mwaka 2010 tu. Ni filamu nzuri, naipenda, ila utamu ninaouzungumzia umebaki vitabuni.

Kwenye filamu, Toothless ni joka kubwa jeusi linalombeba mtu mgongoni. Kwenye kitabu ni kijoka kidogo, kibogoyo, kichoyo, kibishi, kisichotii mpaka kibembelezwe. Bwana wake, Hiccup, ni mtoto wa chifu wa kisiwa cha Berk, mwembamba na mpole katikati ya watu wanaozungumza kwa kupayuka. Vijana wa rika lake wanatakiwa waingie pangoni, kila mmoja akamate joka lake na kulifunza, na atakayeshindwa atafukuzwa kwenye kabila. Hiccup anatafuta msaada kwenye kitabu kilichoandikwa na profesa mmoja kuhusu kufunza majoka. Anakifungua kwa matumaini makubwa. Ushauri wote uliomo ni mmoja: lipigie kelele, na kelele zikizidi ndivyo bora.

Nikisoma hapo kwa sauti, wanangu huangua kicheko kabla sijamaliza sentensi. Halafu wananyamaza wenyewe, wanataka kujua Hiccup atafanyaje, maana sauti ya kufokea hana. Mtoto anacheka kwa sababu huyo profesa anamfahamu. Ameshakutana naye darasani, pengine hata nyumbani. Ukimwambia mtoto kwa maneno makavu kwamba kufokewa si kufundishwa, atakuitikia kwa adabu na kusahau. Akiliona jambo lenyewe likichekwa, halimtoki.

Hiccup anachagua njia nyingine. Amekaa muda mrefu akiyatazama majoka na anaelewa lugha yao, jambo ambalo watu wake wamelikataza. Anaorodhesha mambo yanayoweza kulifanya joka litii: shukrani, hofu, uroho, majivuno na kisasi, na mwisho kabisa utani na mafumbo. Hapo ndipo ninapotaka wahariri na walimu watulie kidogo. Ndani ya hadithi hiyo utani una kazi. Mtoto asiye na nguvu wala sauti anapata silaha, nayo ni akili yake na ulimi wake. Sisi tuliolelewa na sungura anayemzidi fisi maarifa tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Wapo watakaosema vitabu hivi vinapotosha historia. Ni kweli, Waviking hawakuvaa kofia zenye pembe. Picha hiyo ilienezwa sana na mavazi ya opera (mchezo wa kuigiza kwa kuimba) ya mtunzi Mjerumani Wagner iliyoonyeshwa Ujerumani mwaka 1876. Mzazi anaweza kulisahihisha hilo kwa dakika moja. Lakini kicheko chenyewe hakikubandikwa na waandishi wa leo. Watu wa kaskazini walikuwa nacho tangu zamani, hata kwa miungu yao. Kuna shairi lao la kale ambamo jitu moja linaiba nyundo ya Thor, mungu wa radi, na kusema halitairudisha mpaka lipewe mungu wa kike Freyja awe mke wake. Freyja anakataa. Basi Thor mwenyewe anavishwa shela na mkufu, anapelekwa harusini kama bibi harusi. Mezani anamaliza ng'ombe mzima na samaki wanane, anashushia kwa mapipa matatu ya pombe. Bwana harusi anashangaa. Loki, mungu mwenye hila aliyejifanya mpambe, anajibu haraka: bibi harusi hajala siku nane kwa hamu ya kuja huku! Msomee mtoto wa miaka tisa kisa hicho, kisha umwambie kimehifadhiwa kwenye hati iliyoandikwa Iceland katika karne ya 13. Atataka kujua Iceland iko wapi.

Na hofu kwamba mwepesi atabaki mwepesi inajibiwa na mfululizo wenyewe. Vitabu vya mwanzo vimejaa matusi ya kitoto, makamasi na michoro ya wino iliyochorwa na mwandishi mwenyewe. Kadiri unavyosonga mbele giza linaongezeka. Hiccup anapigwa chapa ya mtumwa, anaificha, na inapofichuka anapoteza kila kitu. Majoka yaliyotumikishwa yanaasi, na msomaji anajikuta hawezi kusema kwamba yamekosea. Hayo ni mambo mazito kwa umri wowote, na Waviking wa kweli walikuwa wafanyabiashara wa watumwa. Mtoto wa miaka kumi na moja anayabeba kwa sababu amekwisha kumpenda Hiccup tangu walipokuwa wakicheka pamoja. Ungempa kitabu cha 9 bila vile vya mwanzo, angekifunga.

Kwa hiyo, kwa mzazi anayeuliza aanzie wapi: anza na kitabu cha kwanza, filamu ifuate. Kiingereza chake kina maneno mengi ya kubuni, kwa hiyo mtoto anayejifunza bado lugha hiyo asiachwe peke yake nacho. Msomee kwa sauti, na kila mhusika mpe sauti yake. Chifu apayuke. Toothless alalamike. Mtoto akikwambia rudia, rudia, hata kama wewe umechoka na ukurasa huo.