Kaka anampiga mama mzee mbele ya mtoto: ufanye nini?

Dada, nimekuelewa: kaka yako anampiga mama yenu mbele ya mwanawe mdogo, na ukoo unataka yamalizwe nyumbani kwa kikao cha familia. Kikao hicho mimi sikiafiki, kwani mara nyingi humrudisha aliyepigwa kwa mpigaji. Waondoe mama na mtoto bila kumtangazia kaka yako, maana hatari huongezeka anapojua wanaondoka. Kisha, kwa hapa Tanzania, nendeni kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto mkachukue PF3, fomu ya polisi ambamo daktari huandika majeraha na ambayo baadaye huwa ushahidi, ila mama akiwa na hali mbaya, hospitali iwe ya kwanza. Kuhusu mtoto, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo au umwone afisa ustawi wa jamii. Mama ahojiwe faragha.