Zuhura wangu ana tumbo, mdomo hana?

SWALI: Naandika riwaya. Katika sura ya 7 Zuhura ni mjamzito. Mumewe na mama mkwe wanabishana kuhusu mimba hiyo, daktari anakata shauri. Dada yangu kaisoma akanirudishia: "Huyu ana tumbo tu, mdomo hana." Nikamjibu kuwa ndivyo maisha yalivyo. Je, nimekosea kuandika ukweli?

JIBU: Kaka, kurasa zako 12 nimezisoma kwa kalamu nyekundu, ugonjwa wangu wa zamani. Nikapigia mstari vitenzi vya Zuhura: anaolewa, anapachikwa mimba, anapelekwa, anapimwa, anazalishwa. Walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendwa, na Zuhura wako hana kauli nyingine. Anachotenda mwenyewe ni kulia. Hata mlango wa chumba chake, ukurasa wa 4, "uligoma kufunguka". Mlango una msimamo!

Dada yako hakukuambia ufiche jinsi wanawake wanavyopuuzwa. Zuhura kupuuzwa na mumewe ni kisa. Kupuuzwa na wewe unayesimulia ni jambo jingine. Mawazo ya mume tunayajua, ya mama mkwe pia, na daktari tunajua ana njaa. Kwa Zuhura umeandika: "Alinyamaza, ishara kwamba ameridhika." Nani kakwambia? Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Mwaka 1892 Charlotte Perkins Gilman, mwandishi wa Marekani, alichapisha hadithi fupi, "The Yellow Wallpaper" (Karatasi ya Ukutani ya Njano). Mume ni daktari. Anamkataza mkewe kuandika, na mke akilalamika, mume anamcheka. Gilman mwenyewe aliwahi kuamriwa na tabibu asishike kalamu tena. Mke huyo hasikilizwi na mtu nyumbani, lakini msimulizi ni yeye, kwa hiyo sisi tunasikia kila neno, hata akili inapomtoka.

Basi rudia tukio la kliniki. Tafadhali usimpe hotuba. Waandishi wengi wakishaambiwa hivi humpandisha mwanamke jukwaani, akahutubia ukurasa mzima. Mwache aulize swali moja tu kuhusu mwili wake, na daktari amgeukie mume kulijibu. Kisha baki na Zuhura. Anatazama nini wakati huo? Anataka nini, hata kama hakitakuwa? Ukimaliza, mpe dada yako asome kabla yangu.