Mbona Umemkata Mama Kichwa?

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimejaribu kukata sura nusu kwenye picha kama unavyofanya wewe, mteja kagoma kulipa. Nimekosea wapi?"

Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi swali hilo lilinigharimu laki mbili na nusu na familia nzima ya wateja.

Ilikuwa sendofu, Morogoro, 2019. Siku zile nilikuwa nimelewa picha moja ya mpiga picha Mmarekani, Arnold Newman, aliyompiga mtunzi wa muziki Igor Stravinsky mwaka 1946. Stravinsky kabanwa kule chini kwenye kona, kifuniko cheusi cha piano kimetawala karibu fremu yote. Newman aliikata sana picha aliyoipiga mpaka akafika pale. Basi nami nikamvamia bibi wa bi harusi. Nikakata juu ya nyusi, nikaondoa sikio, nikabakiza jicho moja, mikunjo, na vidole vilivyoshika pindo la kanga. Nikaifanya nyeusi na nyeupe, vivuli vizito kama masizi. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya kukabidhi, bibi aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Kisha akaigeuza nyuma, kana kwamba kipande kilichobaki kiko upande wa pili. Binti yake ndiye aliyesema: "Mbona umemkata mama kichwa?"

Nikaahidi kuleta nzima. Nzima haikuwepo. Nilikuwa nimehifadhi ile iliyokatwa juu ya faili la asili, kwa kiburi tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, kwanza: nakala ya asili haiguswi. Pili, mpe mteja picha nzima kwanza, zile za majaribio ziwe nyongeza. Tatu, hesabu pikseli, vile vidoti vinavyounda picha. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, umebaki na megapikseli 6 tu. Kwenye simu itapendeza, ukiisafisha kwa ukubwa wa A3 itaanza kulegea. Usikate kwenye viungo, yaani kifundo, kiwiko, goti, mtu ataonekana kakatwa kweli. Na nakala ya asili, narudia, haiguswi.

Lakini hayo ni ya mikono. Piano ya Stravinsky ilikuwa maisha yake, kwa hiyo mkato wa Newman ulimwongezea mtu. Mimi nilimpunguzia bibi paji la uso, nikamwongezea nini? Ninyi vijana mnakata kwa sababu mmeona Instagram wanakata. Mnalainisha ngozi ya mtu mzima mpaka anafanana na sabuni, mnaita ubunifu. Jiulizeni kwanza huyu mtu ni nani.

Mwezi uliopita fundi cherehani wa Kariakoo alitaka picha ya bango la duka. Nikakata macho yote. Imebaki midomo iliyobana pini tatu, na futi imening'inia shingoni. Nikampa na ile nzima. Akachagua ya pini bila hata kuuliza bei. Wale walioniita mkata vichwa wapite pale wakaitazame.

Familia ya yule bibi haikuniita tena. Mjukuu mwingine kaolewa Aprili. Picha nimeziona kwenye status. Bibi kakaa mbele, katikati, kapigwa kichwa mpaka kandambili.