Sikumaliza nao kidato cha nne, sasa wananiita tukutane

*Shikamoo Shangazi.*

*Mwezi uliopita niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wasichana niliosoma nao shule ya bweni. Kundi linaitwa "Wahitimu 2000". Mimi sikuhitimu. Mwaka 1999, tuliporudi kutoka likizo tukiwa kidato cha tatu, muuguzi alitupima wote kama ilivyokuwa kawaida ya shule, nikakutwa na mimba. Nilikuwa na miaka 17. Mchana huo huo nilifungasha tranka langu nikapelekwa stendi. Wenzangu walikuwa darasani, sikuaga mtu.*

*Kundi lina watu 63. Ukiingia unatakiwa ujitambulishe: jina, bweni, uko wapi, unafanya nini. Kama ishirini hivi wameshafanya hivyo. Kuna madaktari, kuna wa benki, mmoja ni mkurugenzi wa halmashauri. Mimi nina genge hapa Morogoro, na jioni nakaanga chipsi. Nimenyamaza. Desemba wanakutana Bagamoyo, mchango shilingi 150,000 bila nauli, na kitenge cha sare juu yake.*

*Kinachoniuma zaidi ni Pendo (si jina lake). Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na bwaloni tulikula sahani moja. Nilipofukuzwa nilimwandikia barua mbili, hakujibu hata moja. Juzi amenitumia ujumbe pembeni: "Shoga jamani ulipotelea wapi? Usipokuja Bagamoyo sikusamehe!" Sijamjibu. Mume wangu anasema nisiende, watu hao waliniacha njiani. Mwanangu niliyemzaa wakati ule ni fundi umeme sasa, anajua yote, na yeye anasema, "Mama, nenda." Niende?*

*Mama wa Genge, Morogoro*

Marahaba, mwanangu.

Nadhani jina la hilo kundi ndilo lililokuziba mdomo. Aliyelianzisha alitafuta jina fupi, akaandika "Wahitimu", wala hakukaa kufikiria kwamba kuna waliotoka kabla ya mtihani. Na hukutoka peke yako. Katika darasa la miaka ile wapo walioshindwa ada, wapo waliorudishwa nyumbani kuolewa, wapo waliofiwa na wazazi wakaenda kulea wadogo zao. Nina hakika hata humo ndani yuko mwingine mmoja au wawili ambao hawana cheti cha 2000, nao wanasoma ujumbe na kunyamaza kama wewe. Mliingia kidato cha kwanza pamoja, mkachota maji pamoja, mkala uji wenye wadudu pamoja. Hiyo ndiyo kadi ya uanachama.

Umeandika "nilikutwa na mimba" kana kwamba ulikutwa na wizi. Nchi ilikuzoesha kusema hivyo. Kufukuza wasichana wajawazito kulikuwa desturi ya miaka mingi, na mwaka 2002 zikaja kanuni zilizoruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, shule zikaendelea kuitia mimba humo. Tuliofuatilia tunakumbuka pia yaliyosemwa hadharani mwaka 2017, kwamba aliyezaa asirudi darasani. Haikubadilika mpaka Novemba 2021, serikali ilipotoa Waraka wa Elimu Namba 2 unaowaruhusu mabinti hao kurudi katika shule za kawaida. Mlango ambao kwako ulifungwa ndani ya mchana mmoja umekuja kufunguliwa mwanao akiwa mtu mzima. Sikwambii haya ili urudi shule, hukuniuliza hilo. Nakwambia ili ukijitambulisha mbele ya hao mabosi, usijitambulishe kama mkosaji aliyesamehewa.

Halafu hesabu yako mwenyewe hukuiangalia vizuri. Watu 63, waliojitambulisha kama ishirini. Hao arobaini na kitu waliobaki wako wapi? Anayeandika haraka kwenye kundi ni yule mwenye cha kuandika: daktari, meneja, mkurugenzi. Aliyeachishwa kazi haandiki. Anayeuguza haandiki. Wewe unawasoma hao ishirini unafikiri umelisoma darasa zima.

Lakini Bagamoyo ndilo swali dogo katika barua yako. Kubwa ni Pendo.

Nimeurudia ujumbe wake. "Ulipotelea wapi? Usipokuja sikusamehe!" Mtu aliyepokea barua mbili za rafiki yake aliye kwenye shida, akazinyamazia kwa makusudi, kwa kawaida haanzi na utani wa kusamehe. Angeanza kwa kuzungukazunguka, angekuwa na adabu nyingi mno. Naweza kuwa nakosea, wapo watu wenye kipaji cha kusahau. Ila kumbuka barua zilivyokuwa zikifika shuleni enzi hizo. Zote ziliingia S.L.P. moja ya shule. Zilipita ofisini, nyingine zikafunguliwa na kusomwa, ndipo majina yakaitwa mstarini. Sasa barua ya binti aliyefukuzwa kwa mimba, ina jina lako nyuma ya bahasha, inamwendea msichana aliyebaki. Unadhani matroni alikuwa na haraka ya kuifikisha? Nyingi za namna hiyo ziliishia kwenye droo, na aliyebaki naye akaumia kwamba rafiki yake ameondoka bila hata salamu.

Inawezekana pia zilifika. Inawezekana Pendo aliambiwa, kama walivyoambiwa wengi, kwamba akionekana ana mawasiliano na wewe na yeye atachunguzwa. Alikuwa na miaka 16 au 17, kwao wameuza ng'ombe apate ada, akaogopa. Woga wa mtoto wa kidato cha tatu mimi sijui kuuhukumu. Ila wewe una haki ya kujua ni lipi kati ya hayo.

Kwa hiyo muulize. Usimuulize kwenye kundi, na usiandike ujumbe mrefu usiku wakati machozi yako karibu. Mpigie simu. Msalimiane, muulizane watoto, halafu mwambie hivi tu: "Nilipoondoka nilikuandikia barua mbili. Zilikufikia?" Ukishauliza, nyamaza. Usimsaidie jibu, usiseme "lakini yameshapita". Mwache aliseme mwenyewe, hata kama atakaa kimya mpaka ufikiri simu imekatika.

Akisema hazikufika, mtalia wote wawili, na hapo hamtanihitaji tena. Akisema zilifika na aliogopa, mshukuru kwa kusema kweli, na usijilazimishe kumaliza jambo siku hiyo hiyo. Akisema hakumbuki barua yoyote, wala haonekani kujali, basi umejua ulichokuwa unataka kujua, na Bagamoyo itakuwa sherehe tu kama sherehe nyingine, uende ukipenda.

Na kama mazungumzo yatakwenda vizuri, mwambie aje kwako kwanza. Kama yuko Dar, tangu Juni 2024 treni ya SGR inamleta mtu Morogoro chini ya saa mbili. Aje akae kwenye genge lako, ale chipsi zako, amwone mwanao. Hapo ndipo mtakutana kweli. Kwenye ukumbi wa watu sitini, na spika inanguruma, na mshereheshaji anamwita kila mtu aseme neno moja, hutapata naye hata dakika kumi. Mikusanyiko ya namna hii naijua: saa za mwanzo ni magari na vyeo, "Mheshimiwa" huyu na "Daktari" yule. Mpaka chakula kipite, mmoja akumbushe jina la utani la mwalimu wa zamu, ndipo wanaanza kuwa wasichana tena. Ukiwa umeingia na mtu wako mmoja, hizo saa za mwanzo utazivuka. Ukiingia peke yako utatamani kukaa karibu na mlango.

Mumeo usimkasirikie. Anayekuzuia kwa sababu aliona ulivyoumia ni tofauti na anayekuzuia kwa wivu, na wako naona ni wa kwanza. Ila kasema "waliokuacha", na hapo tumsahihishe kwa upole: wale watoto hawakukaa kikao wakaamua uondoke. Waliamua watu wazima. Mwombe asikilize wakati unampigia Pendo, au akusindikize hiyo Desemba kama utakwenda. Akimwona mwenyewe atajua.

Fedha. Laki moja na nusu unajua mwenyewe ni sahani ngapi za chipsi. Usiiguse hela ya mtaji wa genge, na nakuomba sana usiende kwa wale wakopeshaji wa kausha damu kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Mtafute mweka hazina pembeni, mwambie utalipa kidogo kidogo mpaka Novemba, au utalipa nusu. Kila kamati ya mchango ina watu wa hivyo kwenye daftari lake, hutakuwa wa kwanza. Akikujibu vibaya, ujue ni bora umejua mapema. Kitenge usikinunue mpaka umeshaongea na Pendo.

Kwenye kundi andika mistari miwili, asubuhi, kabla hujafungua genge: jina lako, bweni lako, "niliondoka tukiwa kidato cha tatu, sasa niko Morogoro nafanya biashara, nimefurahi kuwaona." Usieleze zaidi ya hapo. Usiandike "biashara ndogo ndogo tu". Ni biashara, imelea fundi umeme.

Na kwa sababu najua wanawake tukikutana, yuko mmoja atakayekuvuta kando na sahani ya pilau mkononi akuulize, "Hivi yule baba wa mtoto alikuwa nani?" Wewe hukumtaja kwenye barua, nami sikuulizi. Naona tu kwamba wewe ulipelekwa stendi na yeye hakupelekwa popote, ingawa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, inayomlinda msichana aliye chini ya miaka 18, ilikuwa imeshapitishwa mwaka 1998 na wewe ulikuwa na miaka 17. Huyo muulizaji mjibu, "Hakuwa darasa letu," halafu muulize wa kwake wako kidato cha ngapi.