Kuhama VMware kwa seva tatu

Ndugu, mnatumia VMware, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya seva moja). Umeuliza kama mhamie Proxmox, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, sasa kwa kuwa gharama ya VMware imewaelemea, au mpeleke kila kitu kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni.

Bei ya zamani usiisubiri. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni malipo ya usajili, yanayohesabiwa kwa viini vya prosesa.

Kwa seva tatu, Proxmox inatosha kabisa. Chini yake kuna KVM, injini ya mashine pepe iliyomo ndani ya kerneli ya Linux tangu 2007, kwa hiyo si jaribio la juzi. Tangu toleo la 8.2 ina zana ya kuvuta mashine pepe moja kwa moja kutoka ESXi, mfumo wa VMware unaokaa kwenye seva. Za Linux kwa kawaida hazisumbui. Za Windows ndizo za kuangalia: weka draiva za VirtIO (programu zinazoiwezesha Windows kutumia diski na mtandao pepe wa Proxmox) kabla ya kuhama, la sivyo mashine itawaka na isiione diski yake. Ukisahau, iwashe kwanza diski ikiwa imewekwa kama SATA, aina ambayo Windows tayari inaitambua, sakinisha draiva, kisha ibadilishe iwe VirtIO.

Wingu? Kwa mzigo usiobadilika, unaokesha usiku na mchana, mara nyingi utalipa zaidi, na watoa huduma wengi hutoza data inayotoka. (Wauzaji hawalianzi hilo.) Barua pepe ipelekeni huko, hifadhidata ibaki.

Kabla ya yote, jaribu kurejesha mashine moja kutoka nakala rudufu. Kurejesha hasa, si kuangalia ripoti ya kijani.