Shingo yangu haikuwa na uchafu

Kwa miaka mitatu nilisugua shingo kwa dodoki na limau. Mama alikuwa akinigeuza kichwa na kusema, "Wewe mtoto, huogi vizuri." Weusi haukutoka. Wakati huohuo siku zangu zilikuja zilipotaka: miezi miwili kimya, wa tatu zinakuja kama bomba limepasuka. Na kila asubuhi, mlango wa bafu umefungwa, nikawa nanyoa kidevu kwa wembe kabla ya kwenda kugombania daladala. Haya matatu sikuwahi kuyaona kama jambo moja.

Aliyeyaona ni daktari, mama wa makamo, ambaye kabla hajaniuliza chochote alinitazama shingo. Weusi ule, akasema, mara nyingi ni insulini iliyozidi, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mwili hauiitikii vizuri, kongosho linaongeza nyingine, na ikizidi inachochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo maana ya ndevu na chunusi, ndiyo maana yai halikomai na hedhi inapotea. Wanaiita PCOS, kifupi cha Kiingereza cha "ovari zenye vifuko vingi".

Kwenye majibu ya ultrasaundi nikasoma neno "uvimbe", nikalia. Usiku huohuo nikamtumia muuzaji mmoja wa mtandaoni shilingi 80,000 kwa dawa ya "kusafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe". Nilichopata ni kuharisha wiki nzima. Kumbe hakuna cha kuyeyusha! Vile ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani. Tena picha peke yake haitoshi: kwa mtu mzima, daktari huangalia kama una angalau mawili kati ya hedhi kuvurugika, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi, na anahakikisha kwanza si tezi ya shingo inayoleta vurugu hiyo.

Omba upimwe sukari, hata kama ni mwembamba. Mimi nilipewa metformin, dawa inayosaidia mwili kuitikia insulini, na kuambiwa nitembee. Ugali sikukatazwa, nilipunguza tonge nikaongeza maharage na mchicha. Soda ndiyo iliyonitesa.

Usifurahie kukosa siku, kama nilivyokuwa nikifurahia mimi. Zikipita siku 90 bila hedhi na huna mimba, nenda hospitali. Ukuta wa mji wa mimba unazidi kunenepa bila kumwagika, na hali hiyo ikiendelea miaka, hatari ya saratani inapanda. Na kama hutaki mtoto kwa sasa, tumia kinga: yai hukomaa siku usiyoitarajia. Anayemtaka naye asikate tamaa, dawa za kukomaza yai zipo.

Ndevu bado ninazo, chache. Shingo imefifia kidogo. Juzi Mama alikuwa akifunga kilemba mbele ya kioo, nikamwona kisogo, nikamwambia kesho tunakwenda wote kupima sukari.